Ushanga Unaokatiza Mtungo: Safari ya Kidonge cha ARV Hadi Juba

Kipindi cha afya na historia. Maandishi kamili kwa vikundi vya wasikilizaji na kwa wote waliokosa matangazo.

(Muziki unaingia, kisha unashuka.)

Karibuni nyinyi mlio katika kambi za hapa Juba, nyinyi wa Gorom, na wewe uliyekaa chini ya mwembe na karatasi hii kwa sababu betri za redio zimekwisha.

Leo tuna historia ya kidonge kimoja. Huenda kiko kwenye mfuko wako sasa hivi, kimefungwa ndani ya kitambaa ili jirani asisikie kikigonga kopo. Huenda ni cha dada yako, nawe hujui. Kwenye kopo kumeandikwa majina matatu marefu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kliniki huyafupisha kwa herufi tatu, TLD. Mtu mwenye VVU humeza kimoja kwa siku, na akiendelea hivyo anaweza kuishi hadi awaone wajukuu.

Kati ya dawa hizo tatu, mbili za kwanza ni za ukoo mmoja. Wakemia huuita ukoo wa nukleosidi zilizogeuzwa. Jina ni gumu, lakini usiogope, tutalifungua polepole.

Swali la leo ni hili. Dawa ya kwanza ya ukoo huu iliyokuja kutumika kwa UKIMWI ilitengenezwa mwaka 1964. Wakati huo UKIMWI haukuwa hata na jina. Lakini watu wetu, Uganda, Kenya, Congo na Sudan ya Kusini, waliendelea kuzikwa kwa ugonjwa huo hadi miaka ya 2000, wengi wao bila kumeza hata kidonge kimoja. Miaka hiyo yote dawa ilikuwa wapi? Nani aliileta? Ukijua jibu, utajua pia kwa nini leo, ukiwa mkimbizi, una haki ya kuuliza kidonge chako kiko wapi.

SEHEMU YA KWANZA: USHANGA

Umewahi kumwangalia mama akitunga shanga. Uzi unaingia kwenye ushanga mmoja, unatokea upande wa pili, unaingia kwenye unaofuata. Kila ushanga una matundu mawili: moja la kupokea uzi na moja la kuupeleka mbele.

Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna mtungo kama huo, mrefu sana. Ni vinasaba, au DNA. Humo ndimo yalimoandikwa maagizo ya jinsi mwili unavyojengwa. Shanga zake ni za aina nne tu, lakini mpangilio wake ndio unaokufanya wewe uwe wewe. Kila ushanga huanza kama kitu kidogo kiitwacho nukleosidi: kipande cha sukari kilichoshikana na kipande kingine, ambacho ndicho rangi ya ushanga. Seli huivalisha fosfeti tatu, ndipo inakuwa tayari kutungwa.

Sasa aje mwizi, yaani VVU. Kirusi hiki hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili. Kikishaingia, hutumia kimeng'enya chake kutunga mtungo mpya wenye maagizo yake, kikauchomeka katikati ya maagizo yako. Kuanzia hapo askari wako anageuka kuwa kiwanda cha adui.

Wakemia wakajiuliza: je, tukimpa mwizi ushanga wa bandia? Kwa nje unafanana na ule wa kweli, rangi ni ileile. Lakini tundu la mbele limezibwa. Mwizi atauokota, atautunga, kisha uzi utakwama. Hataweza kuongeza ushanga mwingine, na mtungo wake utabaki nusu.

Hiyo ndiyo nukleosidi iliyogeuzwa. Katika dawa iitwayo AZT, tundu la mbele limezibwa kwa atomu tatu za nitrojeni. Katika lamivudine, sukari yenyewe imebadilishwa, ndani yake ikatiwa atomu ya salfa, na mahali pa kushika ushanga unaofuata pakaondolewa. Tenofovir ni ndugu wa karibu: haina hata pete ya sukari, ina mkia mfupi tu, na tayari imekuja na mfano wa fosfeti ya kwanza. Wakemia huiita nukleotidi.

Utauliza, mbona ushanga huu hauzibi mitungo yangu mimi? Jibu ni kwamba kimeng'enya cha kirusi huupokea ushanga wa bandia kwa urahisi, na hakikagui kazi yake. Vimeng'enya vya mwili wetu ni makini zaidi. Lakini si kinga kamili. AZT ilipunguza damu kwa baadhi ya watu. Nyingine ya ukoo huu, stavudine, iliunguza mishipa ya fahamu. Wapo wasikilizaji wanaokumbuka nyayo kuwaka moto usiku na mashavu kubonyea. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache stavudine polepole na kuhamia dawa salama zaidi. Kwa hiyo ukiona dawa yako imebadilishwa, si lazima uwe mradi wa mtu. Mara nyingi ni kwa sababu kimepatikana kilicho bora.

SEHEMU YA PILI: KUTOKA BAHARINI HADI KABATINI

Historia yenyewe inaanzia baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Werner Bergmann, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alichunguza sponji aliyetolewa katika bahari ya Florida. Sponji ni mnyama wa majini, asiye na kichwa wala miguu. Ndani yake Bergmann alikuta nukleosidi za ajabu: sukari yake haikuwa ile ya kawaida. Hadi hapo wengi waliamini kwamba ukiichezea sukari ya nukleosidi, kitu hicho hakitafanya kazi katika kiumbe hai. Sponji akawaonyesha kwamba asili yenyewe imekwisha kuichezea.

Wakemia wakaanza kutengeneza za kwao. Mwaka 1959 William Prusoff, naye wa Yale, alitengeneza idoxuridine, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaanza kutibu kirusi cha herpes kwenye jicho. Baadaye Gertrude Elion na wenzake katika kampuni ya Burroughs Wellcome wakaleta aciclovir. Hiyo unaweza kuikuta hata katika kliniki zetu, hutibu mkanda wa jeshi. Mwaka 1988 Elion na George Hitchings walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya kutengeneza dawa kwa njia hii.

Sasa tufike Detroit, 1964. Mkemia Jerome Horwitz alikuwa akitafuta dawa ya saratani, kwa fedha za serikali ya Marekani. Alifikiri ushanga wa bandia utakwamisha seli za saratani. Akatengeneza AZT. Akaijaribu kwa panya wenye saratani, haikusaidia. Akaandika matokeo yake, akaiweka kabatini. Miaka miwili baadaye akatengeneza pia stavudine, nayo ikaenda kabatini.

Zikakaa humo miaka 20.

Mwaka 1985, UKIMWI ukiwa tayari unaua Marekani na Ulaya, wanasayansi wa taasisi ya serikali ya saratani huko Marekani, Samuel Broder na Hiroaki Mitsuya, walipima dawa mbalimbali dhidi ya kirusi hicho. Kati ya zilizoletwa na Burroughs Wellcome ilikuwemo AZT. Ilizuia kirusi. Machi 1987 ikaidhinishwa, ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI duniani. Kampuni ndiyo iliyopata hataza, yaani haki ya kuwa peke yake kuitengeneza na kuiuza. Bei ilikuwa kama dola 8,000 hadi 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Horwitz hakuwa na hataza, na bei hiyo haikupangwa naye.

Hapo kuna jambo la kuzingatia. Dawa ililipiwa na umma tangu mwanzo, lakini ilipofika sokoni ilikuwa na mwenyewe.

AZT peke yake haikudumu. Kirusi hukosea sana kinapojinakili, na katika makosa hayo huzaliwa watoto wanaoweza kuutambua ushanga wa bandia na kuutema. Huo ndio usugu. Ndipo zikatafutwa dawa za kumshika mwizi kwa mikono mitatu kwa pamoja. Huko Montreal, Bernard Belleau na wenzake walileta lamivudine, iliyoidhinishwa 1995. Huko Prague, Antonín Holý, akishirikiana na Erik De Clercq wa Ubelgiji, alikuwa amefungua njia iliyoleta tenofovir, iliyoidhinishwa 2001. Mwaka 1996, katika mkutano wa Vancouver, dunia ilionyeshwa kwamba dawa tatu kwa pamoja zinaweza kukizima kirusi kwa muda mrefu. Waliokuwa wakingoja kufa katika nchi tajiri wakaamka kitandani, wakarudi kazini.

SEHEMU YA TATU: MLANGO ULIOFUNGWA

Huku kwetu? Uganda ilikwisha kuuita ugonjwa huu Slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alisimama hadharani akasema ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana. Desemba mwaka huohuo alifariki. AZT ilikuwa na miaka miwili sokoni.

Mwaka 2000 dawa tatu za kampuni kubwa ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwalimu wa Kampala au mkulima wa Yei angepata wapi? Kampuni zilisema hataza ndiyo inayolipia utafiti, na bila hataza hakuna atakayetafuta dawa mpya. Wengine walisema tatizo si bei, ni sisi. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, alisema Waafrika wengi hawajui saa za kizungu, hivyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati.

Msikilizaji wangu, tulia kidogo na neno hilo. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti nyingi kuhusu namna watu wanavyofuata dawa hizi. Katika Afrika, asilimia 77 ya wagonjwa walikuwa wakizimeza vizuri. Katika Marekani ya Kaskazini ilikuwa asilimia 55.

Walioufungua mlango ni wengi, nitawataja wachache. India ilikuwa na sheria ya mwaka 1970 ambayo haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ila kwa njia ya kuitengeneza. Kwa hiyo kiwanda cha India kingeweza kutengeneza dawa ileile kwa njia yake. Mwaka 2000, Daktari Peter Mugyenyi, mkurugenzi wa kituo cha utafiti cha JCRC huko Kampala, aliagiza dawa hizo nafuu kutoka kampuni ya Cipla ya India, bila kungoja wenye hataza waridhike. Februari 2001 Yusuf Hamied wa Cipla alitangaza kwamba angeuza dawa tatu kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, kwa dola 350 kwa mwaka. Kutoka zaidi ya 10,000 hadi 350.

Mwaka huohuo wa 2001 wanafunzi wa Yale na MSF walikishinikiza chuo hicho, kilichokuwa na hataza ya matumizi ya stavudine. Prusoff, yule mzee wa idoxuridine ambaye pia alikuwa ameifanyia kazi stavudine, alisema wazi kwamba anataka dawa yake ifike Afrika kwa bei ndogo au bure. Kampuni ya Bristol-Myers Squibb ikakubali kutozuia nakala nafuu Afrika Kusini. Mwezi Juni Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyoruhusu kuingiza dawa nafuu.

Kisha fedha zikafuata. Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, uliokuja kuitwa PEPFAR. Siku ile, Daktari Mugyenyi alikuwa ameketi ukumbini kama mgeni wa mke wa Rais. Ndipo makopo yakaanza kujaa katika kliniki za Kampala, Nairobi na Kisumu, na baadaye huku kwetu.

Bei iliendelea kushuka. Mwaka 2017 yalifikiwa makubaliano ya kuuza TLD kwa kama dola 75 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikashuka chini ya dola 45. Kemia ni ileile ya wakina Horwitz na Holý. Kilichobadilika ni watu waliokataa kungoja.

SEHEMU YA NNE: BILA MAABARA KUBWA

Baada ya bei, kikatokea kizuizi kingine. Wataalamu walisema dawa hizi haziwezi kutolewa mahali pasipo na maabara ya kupima damu kila baada ya wiki chache. Fikiria kambi yetu. Kama neno hilo lingeshinda, wewe usingepata dawa hadi leo.

Jibu lilitafutwa Afrika. Kuanzia 2003 utafiti ulioitwa DART uliwafuatilia wagonjwa 3,316 katika Uganda na Zimbabwe. Kwa Uganda ulifanyika Entebbe na Kampala. Wengi wao walianza na dawa tatu, na zote tatu zilikuwa za ukoo wetu wa leo: AZT, lamivudine na tenofovir. Nusu yao walipimwa damu maabara mara kwa mara na majibu yakatumika kuwatibu. Nusu nyingine waliangaliwa na wahudumu kwa dalili za mwili, na vipimo vikatumika tu palipokuwa na haja.

Baada ya miaka mitano, waliopimwa mara kwa mara asilimia 90 walikuwa hai. Wale wengine, asilimia 87. Tofauti ipo, na vipimo vina faida yake. Lakini matokeo hayo, yaliyochapishwa Desemba 2009, yalionyesha kwamba kumnyima mtu dawa kwa sababu hana maabara karibu ni kumuua bure. Kliniki ya hema, yenye muuguzi aliyefunzwa na kopo lisilokatika, inaweza kuokoa maisha.

Kwa hiyo unapoona kliniki yetu haina mashine kubwa, usidhani unapewa matibabu ya kubahatisha. Waganda na Wazimbabwe zaidi ya 3,000 walikubali kufuatiliwa kwa miaka ili jambo hilo lijulikane.

SEHEMU YA TANO: NDUGU YULE ALIYESHINDWA

Si kila ushanga wa bandia hushinda. Historia ya nchi yetu inalijua hili.

Mwaka 1976, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba huko Nzara, upande wa magharibi mwa Equatoria, walianza kuugua homa kali na kutokwa na damu. Ugonjwa ukafika hospitali ya Maridi na kuenea humo. Watu 284 waliugua, 151 walifariki. Mwaka huohuo ugonjwa unaofanana ulizuka Yambuku, Congo, karibu na mto Ebola. Kirusi cha Nzara ni aina tofauti na kile cha Congo, na hadi leo kinaitwa kirusi cha Sudan.

Miaka 40 baadaye ilikuwepo dawa mpya, remdesivir, ya ukoo wa nukleosidi zilizogeuzwa. Huu ni ushanga mjanja: kirusi huutunga, huongeza shanga chache juu yake, ndipo kinakwama. Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua Kivu ya Kaskazini, madaktari wa Congo wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe walianza kuijaribu pamoja na dawa nyingine tatu za aina ya kingamwili. Walifanya kazi hiyo Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wakati vituo vya matibabu vikishambuliwa na watu wakikimbia vita.

Agosti 2019 jibu likaja. Waliopewa remdesivir, asilimia 53 walifariki. Waliopewa kingamwili mbili bora, ilikuwa asilimia 35 na asilimia 33 na nusu. Remdesivir ikaachwa mara moja katika jaribio hilo. Moja ya kingamwili zilizoshinda ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit, Congo, mwaka 1995.

Nakusimulia haya kwa sababu kuna uvumi kambini kwamba dawa hujaribiwa kwetu ili kutumaliza. Angalia Beni: jaribio lilionyesha dawa ya kampuni kubwa imeshindwa, na wakalisema hadharani, wakaiacha. Jaribio la haki ndivyo linavyokuwa. Unalo haki ya kuuliza maswali kabla ya kukubali, na unayo haki ya kukataa. Lakini bila wagonjwa wale wa Kivu, tusingejua lipi ni lipi.

Na hadithi ya remdesivir haijaisha. Kingamwili zile mbili ni za kirusi cha Congo, hazifai kwa kirusi cha Sudan, kile cha Nzara. Kirusi hicho kilipozuka Mubende, Uganda, mwaka 2022, baadhi ya wagonjwa walipewa remdesivir pamoja na kingamwili nyingine ya majaribio. Dawa iliyothibitishwa kwa kirusi cha Sudan bado haipo. Kazi inaendelea.

SEHEMU YA SITA: KIUNGO CHA MWISHO

Turudi kwenye kopo lako.

Kidonge kimepita kwa sponji, kabati la Detroit, maabara ya Prague, kiwanda cha India, meza ya Kampala. Kimebaki na hatua moja: kutoka kliniki hadi mdomoni mwako, leo, kesho, na siku utakapolazimika kukimbia. Hatua hiyo fupi ndiyo hukatika zaidi kwetu.

Desemba 2013 na Julai 2016, risasi zilipolia hapa Juba, watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa na nguo walizovaa. Nani angekumbuka kopo? Na wengine walikumbuka, wakaogopa kulibeba kwa sababu ndugu wangeliona.

Kukatika kwa dawa kuna madhara mawili. La kwanza, kirusi huamka na kuanza tena kula askari wa mwili. La pili, dawa haziishi mwilini kwa wakati mmoja. Zingine hutoka mapema, moja hubaki peke yake, na kirusi hujifunza kuitema. Na kama una pia homa ya ini ya aina B, tenofovir na lamivudine huizuia hiyo vilevile. Ukiziacha ghafla, ini linaweza kuwaka.

Wapo waliolifikiria hili. Kati ya 2015 na 2018 MSF iliendesha mradi huko Yambio, timu zikiwafuata watu vijijini, kuwapima na kuwaanzishia dawa. Kwa kuwa mapigano yalikuwa karibu, walitayarisha mifuko ya kukimbia nayo, yenye dawa za akiba, ili mtu akilazimika kuingia porini asikatishe.

Wewe unaweza kufanya mambo manne. Omba kliniki ikuandikie jina la dawa kwenye karatasi, na uihifadhi pamoja na kadi yako ya mgao. Uliza kama unaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Ukihamia mahali pengine, hata kama umepoteza kila kitu, nenda kliniki ya kwanza utakayoiona uwaambie jina la dawa na siku uliyomeza mara ya mwisho. Na usikope vidonge vya mwenzako wala kugawana, kwa sababu nusu kwako na nusu kwake ni usugu kwa wote wawili.

Wewe usiye na VVU nawe una kazi. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi kirusi kisionekane kwenye kipimo hakiambukizi kwa njia ya ngono. Hiyo ni sayansi iliyothibitishwa. Basi ukiona kopo la jirani, nyamaza na umheshimu. Aibu unayomtia ndiyo itakayomfanya aliache nyuma siku ya kukimbia.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuikagua, na hofu ikaingia katika kliniki za Afrika nzima. Hofu hiyo ilitukumbusha kwamba dawa kuwepo duniani na dawa kufika kwako ni mambo mawili. Mwaka 1989 ilikuwepo, haikufika. Ilifika kwa sababu daktari aliagiza, wanafunzi walidai, wagonjwa walikubali kufuatiliwa, wabunge walipiga kura. Kwa hiyo kopo likichelewa, usikae kimya kwa kuona haya. Mwambie muuguzi, mwambie kiongozi wa block yako, mwambie mwakilishi wa wakimbizi katika mkutano. Kuuliza dawa yako iko wapi si utovu wa shukrani.

(Muziki unapanda taratibu.)

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

1. Kwa nini dawa moja peke yake haitoshi kukizuia kirusi?
2. Kama kliniki ikifungwa kesho kwa sababu ya mapigano, mtu wa kambi yetu anayemeza dawa kila siku ataipata wapi? Nani anajua jibu, na nani aulizwe?
3. Ni jambo gani katika kambi yetu linalomfanya mtu aifiche dawa yake? Sisi tunaweza kulibadilisha vipi?

Andikeni majibu yenu kwenye karatasi mkampe mhamasishaji wa afya wa eneo lenu, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote. Tutayasoma katika kipindi kijacho. Mpaka wakati huo, kaeni salama, na anayemeza, asisahau saa yake.

(Muziki. Mwisho wa kipindi.)